Mafundo Saba ya Mateus

Gari la Bwana Gideoni lina milango miwili, limekaa chini kiasi kwamba ukiingia unalala badala ya kuketi, na taa zake za mbele hujificha ndani ya boneti hadi uziwashe ndipo ziinuke. Lina miaka thelathini na ushee. Mtwara nzima sijaona la pili. Bwana Gideoni anafanya kazi Naliendele, kwenye utafiti wa korosho, na mkewe husema ujana wake wote umeishia kwenye chuma hicho chekundu.

Mwezi Juni alilileta gereji kwangu, Chuno, likiwa linavutwa na pikapu.

"Fundi Anold, safari hii sitaki viraka," akaniambia. "Toa nyaya zote, kuanzia kwenye betri hadi taa za nyuma. Weka hizi."

Nyaya alikuwa amezipata Dar, fungu zima, kutoka kwenye gari la aina hiyohiyo lililokatwa vipuri. Nilijua kwa nini hataki viraka. Mwaka mmoja nyuma gari lile lilishika moto chini ya dashibodi, wiki mbili tu baada ya kutoka mikononi mwetu. Aliuzima kwa mchanga, akaungua vidole, na tangu siku ile gari halikuwashwa tena.

Nasema mikononi mwetu kwa sababu wakati ule nilikuwa na mwenzangu, Mateus. Alikuwa Mmakonde ambaye babu zake walivuka kutoka Msumbiji wakahamia Kilambo, upande huu wa Ruvuma. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Kila waya alioushika aliufunga kipande cha uzi mweusi chenye mafundo: fundo moja taa, mawili honi, matatu feni. Mimi nikishaunga waya nazungushia tepu ya bluu, basi. Nilimtania sana kwa nyuzi zake, nikimuuliza kama anafuma wavu.

"Kaka, rangi ya waya inafifia," alikuwa akijibu. "Fundo halififii."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Siku Bwana Gideoni alipokuja na vidole vilivyofungwa bandeji, sikuuliza wala sikuchunguza. Mbele ya wateja na mama muuza chai nilimgeukia Mateus nikamwambia ameunga umeme bila fyuzi, kwamba nusura aue mtu.

"Upande ule sikuugusa mimi, kaka," akasema.

"Unanifanya mwongo gerejini kwangu? Toka!"

Alinawa mikono kwa sabuni, taratibu, akaondoka. Kesho yake asubuhi nilikuta uzi mweusi umefungwa kwenye jiliwa langu la kubania vyuma, una mafundo saba. Haukuwa kwenye waya wowote.

Baba yangu alikuwa mwalimu kutoka Iringa, akahamishiwa huku nikiwa mdogo. Nyumbani tulilelewa kuogopa kila jambo la wenyeji tusilolielewa, na hatukuuliza ili tuelewe. Mke wangu, Beatrice, alipouona uzi ule alishika kifua akasema, "Huyo amekufunga." Tuliumwagia petroli tukauchoma, huku tukisali.

Siku ya saba Mateus akaja. Alikuwa amevaa shati la Jumapili. Alisimama getini akainua mkono, na mkononi alikuwa na uzi mweusi kama ule, ila umenyooka, hauna fundo hata moja.

"Umekuja kuangalia kama nimekufa?" nikampigia kelele, nikafunga geti kwa komeo. Nilimchungulia kwenye upenyo. Alisimama muda mrefu, uzi bado mkononi, kisha akaenda zake. Jioni ile nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Sasa basi, gari limerudi. Nilitoa viti, nikatoa dashibodi, nikaanza kuzivuta nyaya za zamani kutoka uvunguni mwake. Nyuzi za Mateus zilikuwepo kila mahali, fundo moja, mawili, matatu, zimekazwa vizuri kama siku alipozifunga. Nilifuata alama za moto kwa vidole hadi nyuma ya kisanduku cha fyuzi. Pale waya ulipoungua, plastiki ilikuwa imeyeyuka na kugandana na tepu.

Tepu ya bluu.

Nilikaa chini sakafuni. Nikakumbuka. Siku ile fyuzi zilituishia, Mateus akaenda mjini kununua. Mimi nikaona anachelewa, nikaunga taa moja kwa moja kutoka kwenye betri ili nione tu kama zitainuka. Ziliinuka. Nilifurahi, nikasema nitakuja kuurekebisha ule muunganisho, nikasahau. Nyuzi za Mateus zilianzia shubiri moja kutoka pale, na hakuna hata mmoja ulioungua.

Nililia peke yangu mle gerejini, mtu mzima na ndevu zangu. Nilimpigia simu Bwana Gideoni nikamweleza kwamba moto ule niliuwasha mimi.

"Na yule bwana uliyemfukuza," akauliza, "umemwambia?"

Kesho yake nilichukua bodaboda hadi Kilambo. Nilielekezwa nyumba yenye bati upande mmoja na makuti upande mwingine. Mkewe, Rosalina, alikuwa uani akichambua karanga kwenye ungo. Tuliwahi kuonana mara moja tu, kwenye ubatizo wa mtoto wao.

"Wewe ndo fundi Anold, ntu wa Chuno," akasema. Hakusema karibu.

"Shemeji, nimemfuata Mateus."

"Mateus tulinzika mwezi wa tatu. Alivuka kwenda kulima kwa ndugu zake, akarudi na homa. Siku nne tu."

Nilimpa pole. Kisha nilimuuliza kuhusu ule uzi wa mafundo saba alioniachia Mateus. Alinitazama kama mtu anayeulizwa maji ni nini.

"Ntu akisafiri, anafunga nyuzi mbili sawasawa. Mmoja anabeba, mmoja anauacha. Kila asubuhi mnafungua fundo, yeye kule, wewe huku. Yakiisha, anafika. Wazee wetu wote walifanya hivo. Alikuachia siku saba upoe, aje mzungumze."

"Niliuchoma," nikasema. "Nilidhani ni uchawi."

Rosalina aliendelea kuchambua karanga. Mbovu alizitupa kwa kuku.

"Alirudi hapa, hakukulaumu," akasema. "Alisema, 'Kosa ni langu. Hasira ya kaka Anold haiishi kwa siku saba. Ningefunga mafundo mengi zaidi.'"

Nilimwomba uzi. Alinipa bila kuniangalia. Nilikata vipande viwili, nikafunga mafundo saba kwenye kila kimoja, nikikosea hadi nikarudia mara tatu. Kimoja nikamwachia. Nilimwambia siku ya saba nitarudi, awaite ndugu wa Mateus, niseme mbele yao kwamba mkosaji nilikuwa mimi, kama nilivyomwaibisha mumewe mbele ya watu. Alikipokea, akakiweka kwenye pindo la kanga.

Siku zile nilifanya kazi kama sijawahi. Kila asubuhi nilifungua fundo, ndipo nikashika bisibisi. Nilipitisha nyaya mpya sehemu zilezile zilizopita za zamani, kila taa na fyuzi yake, na kila waya nikaufunga uzi mweusi wenye mafundo. Siku ya sita taa ziliinuka, na Bwana Gideoni akapiga makofi. Mimi sikuona cha kushangilia.

Siku ya saba nilivaa shati la Jumapili, nikaenda Kilambo. Hapakuwa na ndugu wala mikeka uani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na kwenye kitasa ulining'inia uzi niliomwachia. Niliuhesabu. Mafundo yalikuwa saba. Hakufungua hata moja.

Nilibisha hodi. Ndani nilisikia karanga zikimiminwa kwenye ungo. Nikabisha tena, nikasema jina langu, nikasema nilichokuja kusema, chote, kwa sauti, nikiuambia mlango. Hakuna aliyeitika.

Sikumlaumu. Nilisimama pale muda mrefu, nikainua mkono na uzi wangu ulionyooka, kama Mateus alivyoinua wake getini kwangu.