Rufaa ya Niyigena

Nyumbani kwa Emerance, pale Munigi, kulikuwa na sheria moja, na sheria yenyewe ilikuwa ya mlango. Mlango ukiwa wazi, binti yake aliitwa Niyigena. Mlango ukifungwa, aliitwa kwa jina lake mwenyewe, Uwitonze. Mtoto wa miaka kumi akipewa sheria kama hiyo huiona mchezo, na huyu aliucheza vizuri kuliko mama yake alivyotarajia.

Niyigena alikuwa dada yake mkubwa. Kipindupindu kilimchukua kwa siku mbili kambini Kanyaruchinya, mwaka 2023. Baba yao, Havugimana, yuko Ulaya tangu 2015, na alipohojiwa huko kama mkimbizi alitaja mke na mtoto mmoja tu, kwa sababu Uwitonze alikuwa bado tumboni na yeye hakujua. Viza za kuungana na familia hupewa waliotajwa. Basi siku ya maziko, machozi hayajakauka, Emerance alimwambia mzee aliyekuwa akiandika vifo vya kambi, "Huyu ni Uwitonze." Msalaba ukaandikwa hivyo, na cheti cha kifo kikaandikwa hivyo. Havugimana akalia kwenye simu, akimlilia mtoto ambaye hakuwahi kumbeba.

Tusimhukumu haraka. Alibaki na mtoto mmoja hai na karatasi za mtoto aliyekufa, akaviunganisha. Nani kati yetu asingejaribu?

Viza ilikataliwa. Barua ilisema vipimo vya damu vinathibitisha kuwa msichana ni binti wa Havugimana, lakini hakuna kinachothibitisha kwamba ndiye Niyigena, tena anaonekana mdogo kuliko umri ulioandikwa. Afisa yule, hata kama tunamchukia, alikuwa na macho. Kesi ikapelekwa mbele ya jaji wa rufaa huko Ulaya, na maître Bulonza, wakili mwenye ofisi Himbi, akamkalisha Emerance chini ili amweleze.

"Mama, jaji haanzi dosiye ya kesi upya," alisema. "Anakamata ile barua ya kukatala, anaangalia sababu moja moja. Mukubwa wa viza alikosea, ao hakukosea? Baba atasikilizwa wa kwanza, peke yake. Kisha mutoto. Majibu yao njo itapimwa."

Mwezi mzima Emerance alimfundisha mtoto maisha ya dada yake. Nyumba yao ya zamani, kule Kibumba, ilikuwa na mabati mangapi. Mbuzi alikuwa wa rangi gani. Baba alikuwa na kovu mkono upi. Mlango ulikuwa wazi karibu kutwa nzima siku hizo.

Siku ya kusikilizwa walikaa wawili mbele ya kompyuta ya Bulonza, saa nne asubuhi, jua limewaka vizuri juu ya ziwa. Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Mkalimani hakuonekana, ilikuwa sauti tu ya mwanamume, laini, ya Kiswahili cha mbali. Mama akaonywa asiseme neno wala asimguse mtoto. Maswali ya mwanzo yalikuwa yale yale waliyojifunza, na mtoto aliyajibu moja baada ya jingine. Emerance akaanza kupumua.

Ndipo jaji akafungua ukurasa mwingine.

"Asubuhi baba yako alipoondoka," ikasema ile sauti, "kuna mtu alimwona?"

 Hilo hawakulifundishana, kwa kuwa jibu lake Emerance alilijua na halikuwa na faida: hakuna aliyemwona. Havugimana alitoka wakiwa wamelala. Miaka kumi sasa amekuwa akimlaumu kwa hilo.

"Mimi," mtoto akasema. "Alikuwa anatafuta kiatu. Kimoja kilikuwa chini ya kitanda cha mama. Nikaingia, nikamutolea. Nikaanza kulia. Akaniwekea sukari mu kinywa juu ninyamaze, mama asiamuke. Halafu akapita na mulango ya jikoni."

Jaji akaandika. Akaandika kwa muda mrefu, kisha akavua miwani na kutabasamu.

 Asubuhi ile Emerance alipoamka alimkuta Niyigena amekaa jikoni, midomo imejaa sukari, na bila kuuliza alimchapa kwa wizi. Hajawahi kumwambia mtu. Na Uwitonze asubuhi ile alikuwa tumboni mwake, si mtu, si chochote.

Njiani Emerance aliuliza, "Ile ya kiatu, nani alikuambia?"

"Hakuna mutu. Ulinipika fimbo juu ya ile sukari, Mama. Umesahau?"

Akajipa moyo. Wasichana wale walilala godoro moja miaka saba. Mkubwa alimsimulia mdogo, basi, watoto ndivyo walivyo. Usiku ule alifunga mlango, akashusha komeo, akaita, "Uwitonze." Mtoto aliendelea kusuka nywele za mdoli wake wa vitambaa. Akaita tena. Akaita mara ya tatu kwa ukali. Msichana akainua uso na kutazama kuzunguka chumba, taratibu, kona moja baada ya nyingine, akimtafuta anayeitwa.

Tangu hapo mlango ukifungwa au ukifunguliwa ilikuwa mamoja. Mtoto aliikataa mihogo, ambayo Uwitonze aliipenda na Niyigena aliichukia. Aliimba akiosha vyombo, kwa sauti ya kukwaruza kidogo, sauti ya Niyigena, na Emerance alisimama nje akisikiliza, asiweze kuingia wala kuondoka.

Baada ya wiki tatu hukumu ikaja. Jaji aliandika kwamba afisa alikosea. Kwamba jambo la kiatu, lililojulikana na watu wawili tu duniani, limesemwa na wote wawili, kila mmoja peke yake. Na kwamba mtoto aliyesikilizwa, bila shaka yoyote, ndiye Niyigena. Kilichobaki ilikuwa sahihi ya mama kwenye fomu ya safari.

Emerance alikwenda Himbi ameamua kusema kweli. Kama ni viza, ipotee, ilmradi Uwitonze arudi. Alimwacha mtoto kwenye benchi la korido, akaketi mbele ya wakili, akayatoa yote: kipindupindu, mzee wa kambi, msalaba.

 Bulonza akafungua dosiye na kutoa karatasi moja. "Hii ni cheti ya kifo ya Uwitonze. Wewe mwenyewe njo ulinipa. Jaji ameisoma." Akaiweka juu ya hukumu. "Ukisema Niyigena alikufa, utaleta ushahidi gani? Kambi ilishabomolewa. Registre, kitabu ya majina ya kambi, haiko. Mbele ya sheria, Niyigena eko muzima, na Uwitonze alishazikwa. Sasa huyu mwenye eko mu korido, unataka nimuandike nani?"

 Wakati ule ule, huko koridoni, mtoto alikuwa anaimba, kwa ile sauti ya kukwaruza, na mama yake aligundua jambo lililomtisha kuliko yote. Yeye mwenyewe alikuwa na furaha. Miaka miwili na zaidi hakuruhusiwa kumlilia binti yake mkubwa kwa jina lake, hata kanisani, hata kaburini. Alikuwa amemkumbuka mpaka mifupa ikamuuma. Na sasa binti huyo alikuwa hapo nje, anaimba.

Wimbo ukakoma. Msichana akaingia bila kubisha, akasimama karibu na meza, akaitazama fomu, kisha kalamu.

"Mama," akauliza, "na Uwitonze tutamuachiya nani?"

Sauti ilikuwa ya kujali kweli, ya dada mkubwa. Bulonza akageuza uso akatazama dirishani. Emerance akayatafuta macho ya mtoto wake, akayatazama sana, yale macho aliyoyazaa mwezi wa tisa na kuyafuta tongo kila asubuhi. Ndani kabisa, kwa nukta moja, kama mtu anayesogea nyuma ya pazia, akamwona yule mdogo akimtazama, akisubiri aitwe.

Angeweza kumwita. Jina lilikuwa tayari ulimini.

Akavuta fomu.

"Yeye alishazoea kule Kanyaruchinya," akasema, akatia sahihi.