Watu wa Pete

Mke wa Sponji alianguka jikoni asubuhi, akifunga mfuko wa taka. Walipofika hospitali kwa gari la jirani alikuwa ameshakata roho. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani uliopasuka, na haukuwa umetoa ishara yoyote. Sponji aliitikia kwa kichwa, kisha akamuuliza jirani kama gari halijamzibia mtu njia.

Hakulia mazikoni, wala hakulia ndugu walipoondoka na masufuria yao nyumba ikabaki tupu. Aliamka, akafungua karakana, akayavua makochi ya watu vitambaa vya zamani, akang'oa misumari, akajaza sponji mpya. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Hata marehemu alimwita hivyo akiwa na furaha, na akikasirika alimwita kwa jina lake kamili. Siku hizi aliweza kusimama bafuni na mswaki mdomoni mpaka dawa ikamdondokea kifuani, asijue alikuwa anawaza nini.

Mteja wake wa siku nyingi, daktari wa meno, alikuja kuchukua viti vya mapokezi akakuta kimoja kimeshonwa kitambaa ndani nje.

"Sponji, Jumamosi unafanya nini?"

"Sifanyi kitu."

"Basi njoo kwetu. Huko hutaulizwa unaendeleaje."

Huko kwao kulikuwa ni nyumba ya ghorofa nyuma ya posta, yenye madirisha yasiyofunguliwa. Mtaa uliwaita wanachama waliokutana humo watu wa pete. Kila mtu alijua wanayoyafanya mle ndani, hasa wale ambao hawajawahi kuingia: wanakunywa damu, wanalala na maiti, na mtu hapewi pete mpaka amtoe kafara yule anayempenda. Sponji mwenyewe aliwahi kuzisimulia hadithi hizo na kuzitia chumvi. Sasa alikwenda kwa sababu Jumamosi zilikuwa ndefu.

Walimpokea alasiri, mapazia yamefungwa. Katika chumba cha pembeni alivuliwa kiatu cha kushoto, suruali ikakunjwa mpaka gotini, akafungwa kitambaa machoni na kamba laini shingoni. Daktari wa meno akamshika kiwiko. Mlango ukagongwa, na sauti nzito ikauliza anayekuja anatafuta nini. Alikuwa amefundishwa kujibu, "Mwanga."

"Sijui," alisema Sponji.

Mtu akakohoa. Mwingine akamnong'oneza neno lenyewe, naye akalirudia kama mtoto aliyetumwa dukani.

Kisha wakamlaza ndani ya jeneza. Aliambiwa hapo mtu wa zamani anakufa. Auone mwisho wake na atetemeke. Mfuniko ukashuka. Sponji akasubiri kutetemeka. Alichokihisi ni kile alicholalia: sponji ya bei rahisi, vipande vilivyoungwa kwa gundi, vimeshaanza kuachana chini ya mgongo. Nje watu wazima walisoma maneno marefu kwa zamu, mmoja akikosea na kurudia mstari. Walipofungua mfuniko ili wamwinue, ilibidi wamtikise. Alikuwa amepitiwa na usingizi.

"Hili halijawahi kutokea," alisema mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu, na ilionekana ameumia kidogo.

Wakamlisha kiapo, wakampa pete, wakanywa chai.

Muuza vocha aliyekaa mkabala na karakana ndiye aliyeiona pete kwanza. Kufikia jioni mtaa ulikuwa umeshapanga mambo upya: pete ilitangulia, kifo kikafuata. Mama mmoja alikuja na wanawe kuchukua kochi lake likiwa bado mifupa mitupu, akaondoka bila kumtazama Sponji usoni. Mtu akaandika "muuaji" kwa mkaa mlangoni. Sponji alilisoma neno lile akifungua kufuli, na hakuona haja ya kulifuta.

Ndipo mama mkwe wake akaja. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi, mikono mipana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakukaa. "Nina swali moja, nalo unijibu ukinitazama. Ulimtoa mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Na hiyo pete?"

"Nilipewa baadaye. Alikuwa ameshazikwa."

"Ulipewa kwa kufanya nini?"

Alikuwa ameapa kutosema, na adhabu ya kusema ilisomwa ikitaja kukatwa ulimi na koo. Akamwambia yote: kiatu, kamba, swali, jeneza, usingizi, chai.

Mama mkwe aliinamisha kichwa na kusikiliza, kama alivyozoea kusikiliza matumbo ya wajawazito. "Halafu?"

"Halafu tukaosha vikombe."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Akajiachia kwenye kochi lisilo na kitambaa, springi zikalia. "Nilikuwa naomba useme ndiyo," alisema. "Ungesema ndiyo ningekuwa na mtu wa kumchukia. Sasa unaniambia alikufa tu?"

"Alikufa tu, mama."

Akaangua kilio. Sponji alimtazama, akajua hapo na yeye alitakiwa kulia, akaenda kumletea maji.

Jumamosi iliyofuata aliwaeleza wenzake alichokifanya.

"Umesema yote?" aliuliza mwenyekiti. "Hata lile jibu la mlangoni?"

"Hilo nilikuwa nimelisahau."

Daktari wa meno alitazama viatu vyake. Wakamvua pete. Mwenyekiti alimsindikiza mpaka ngazini. "Wakijua ni chai tu," alisema kwa upole, "nani atatuheshimu?"

Kuvuliwa pete hakukusaidia. Mtaa ulisema ameificha. Lakini asubuhi moja mama mkwe alirudi na begi lake, akatoa kiti mbele ya karakana, akakaa kuutazama mtaa huku akifunika vifungo vya makochi kwa vitambaa. Aliwasalimia wapita njia kwa sauti ya kuamsha wodi nzima. Alifanya hivyo kila siku. Mwishowe yule mama aliyechukua kochi lake likiwa mifupa alisimama.

"Mama, unakaa kwa huyu, na yote yanayosemwa?"

"Nakaa kwa mkwe wangu. Una kochi, au una maneno?"

Kochi alikuwa nalo. Likaletwa, na mengine yakafuata, polepole. Kama mama mkwe alimwamini Sponji au la, hakusema, na mkwewe hakumuuliza.

Siku moja wakifunga karakana, jua bado lipo, mama mkwe alimuuliza, "Asubuhi ile, kabla hajaanguka, alisema nini?"

Sponji alifikiri. "Alisema nirudishe ngazi ya watu."

"Umeirudisha?"

"Bado. Ipo nyuma ya nyumba."

Wakaenda kuichukua. Ilikuwa ya mbao, nzito. Sponji alishika mbele, mama mkwe nyuma, wakaipitisha katikati ya mtaa, watu wakiwapisha. Mama mkwe alimwambia apunguze mwendo, goti linamuuma. Sponji akapunguza.