Kipande cha Uvimbe

Shuka lilikuwa bado linafuka mvuke Mama Pasi alipozima mashine na kumwambia msimamizi kwamba anatoka kidogo.

"Tena? Wiki hii mara ya tatu!"

"Nikate malipo ya siku, bosi. Leo naenda."

Hakuwa na safari ndefu. Alivuka uwanja, akapanda ngazi za hospitali ileile aliyoifulia mashuka miaka kumi na minne, akipumzika kila baada ya vidato vinne. Uvimbe uliotolewa kwenye titi mwaka jana ulikuwa umerudi, safari hii mapafuni.

Daktari wake wa saratani, binti mpole, alikuwa amemweleza taratibu. "Mama, ndani ya seli kuna protini inayoamua jeni ipi iwashwe, ipi izimwe. Yako nadhani imezidi, inawasha zile zinazokuza uvimbe. Kuna vidonge vya majaribio vya kuibana. Sikuahidi kupona. Lakini wanaingizwa wale tu waliopimwa wakaonekana wanayo. Niletee kile kipande cha uvimbe wa titi ambacho maabara walikihifadhi. Kukata kingine mapafuni sithubutu, hutahimili. Usajili unafungwa Alhamisi, saa kumi."

Jumatatu karani wa maabara alimtaka kadi ya upasuaji. Jumanne, muhuri wa mganga mkuu, ambaye alirudi safarini Alhamisi yenyewe. Siku hiyo foleni ilimfikisha dirishani saa tisa na nusu, kadi na muhuri mkononi.

Karani alisoma, akarudisha karatasi. "Hakipo."

"Umetafuta?"

"Cha kutafuta nini, mama? Vya mwaka jana viliteketezwa mwezi wa nne. Kabati lilijaa. Tuliomba jingine, hatukuletewa."

"Sasa Jumatatu mbona hukuniambia?"

"Jumatatu hukuwa na muhuri."

Mama Pasi alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukingo wa dirisha mpaka kikatulia.

"Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba mlikichoma. Weka tarehe na jina lako."

"Mimi nilipewa amri tu."

"Weka na la aliyekupa."

Karani alivuta pazia. "Rudi kesho."

Mama Pasi akaligeukia benchi la waliokuwa wakisubiri. "Jamani, nani mwingine amefuata kipande chake?"

Mzee mmoja aliinua karatasi. Kisha mwanamke mwenye bandeji shingoni. Kisha mikono mingine mitatu, polepole, kama ya watu wanaoona haya.

"Vimechomwa," akawaambia. "Hawakutaka kutuambia. Mimi siondoki bila barua."

Mlango wa ofisi ya karani ulifungukia nje. Akaketi sakafuni, mgongo akauegemeza mlangoni. Dakika zikapita, saa ya ukutani ikafika kumi na robo. Usajili ulikuwa umeshafungwa. Yule mzee akakunja koti lake, akaketi kando yake.

Ndani, kitasa kikazunguka. Mlango haukusogea.

"Mama, nipishe basi, muda wa kazi umekwisha."

"Umeshaandika?"