Kusimama Baada ya Kona ya Saba

Kwa miaka thelathini na mitatu Hilari Maganga aliendesha treni katika tawi la Mpanda, kutoka Kaliua kwenda kusini na kurudi, na kwa muda wote huo hakuwahi kumpita mtu. Njia ilikuwa moja. Treni mbili zilipokaribiana, moja ilisubiri stesheni hadi nyingine ipite, na dereva aliyesubiri hakujiona ameshindwa. Kwa hiyo alipostaafu na kuhamia Kanyenye, katikati ya mji wa Tabora, waliomfahamu walicheka waliposikia kwamba kila Jumamosi alasiri anashindana mbio za magari kwenye kompyuta.

Aliyemwingiza katika mchezo huo ni Dhara, binti wa Hardik mwenye duka la vifaa vya shule na kompyuta. Katika chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya madaftari, Dhara alikuwa amefunga viti viwili vilivyong'olewa kwenye gari bovu, kila kimoja na usukani wake, pedali zake na skrini yake. Siku moja Hilari alikwenda dukani kutengenezewa simu, akauona usukani kupitia mlango uliokuwa wazi, akauliza kama inaruhusiwa kuugusa. Sasa ulikuwa mwaka wa pili. Walikuwa timu moja katika ligi ya mtandaoni yenye madereva ishirini na wanne, kuanzia Mombasa hadi Bujumbura, wengi wao vijana ambao hawakuwahi kuonana ana kwa ana.

Ligi hiyo ilithamini uendeshaji safi kuliko kasi. Gari lililotoka nyuma na kumgonga mwenzake lilihesabiwa na mfumo wenyewe kuwa na kosa, papo hapo, na dereva wake akapewa alama moja ya adhabu. Mwenye alama tatu hakuruhusiwa kushiriki fainali, ambayo mwaka huu ingefanyika Dodoma, katika ukumbi, mbele ya watazamaji. Dhara alikuwa tayari amefuzu kwa matokeo ya msimu, lakini alikuwa na alama mbili. Hilari hakuwa na hata moja tangu ajiunge, jambo ambalo hakuna dereva mwingine aliyeweza kulisema. Vijana walimwita Mzee Sifuri, mwanzoni kwa kejeli, baadaye kwa heshima ambayo kejeli haikuwa imeitoka kabisa.

"Mzee Sifuri, shikamoo," alisema Awadhi, dereva wa Ujiji, katika vipokea sauti, dakika chache kabla ya mbio za mwisho za msimu. "Leo umekuja na mabehewa mangapi?"

"Marahaba. Matatu tu. La mwisho ni daraja la tatu, nimekuwekea wewe."

"Nikae na kuku?"

"Kuku wana tiketi. Wewe unayo?"

Madereva wengine wakacheka, taa zikawaka, mbio zikaanza.

Katika mzunguko wa kumi na moja Hilari alikuwa wa nane. Dhara, aliyekuwa ametoka kubadilisha matairi, alikuwa nyuma yake kwa sekunde chache na akimkaribia. Hilari aliingia kona ya saba kwa mwendo mkubwa kidogo kuliko ilivyofaa. Gari likaserereka, likazunguka kwenye mchanga, kisha likarudi na pua yake juu ya lami. Hapo akafanya lile ambalo mguu wake ulikuwa umelizoea maisha yake yote: alikanyaga breki, akasimama, akangoja njia iwe wazi.

Dhara alitokea kwenye kona, akamgonga ubavuni karibu na gurudumu la nyuma, na magari yote mawili yakaishia pale. Juu ya skrini ya Dhara ikaandikwa kwamba amepata alama ya tatu.

Alivua vipokea sauti taratibu. "Pole, mzee."

"Pole nawe, mwanangu. Ulikuja kwa kasi."

"Ndiyo," alisema Dhara. "Nilikuja kwa kasi." Akaenda mbele kumhudumia mteja aliyetaka rula na penseli, na hakurudi.

Kesho yake, Jumapili, Hilari alipita dukani baada ya misa. Hardik alikuwa peke yake, akisoma gazeti la juzi.

"Karibu, Bwana Hilari. Leo sikuulizi habari za mbio."

"Dhara yuko wapi?"

"Yuko nyumbani na mama yake, wanachambua mchele ambao hauna hata jiwe moja." Hardik alikunja gazeti. "Anayo nafasi ya kukata rufaa hadi leo saa kumi. Amekataa."

"Kwa nini akatae?"

"Kanuni inataka aandike jina la mwenye kosa. Anasema hawezi kuliandika jina lako."

Hilari alivuta kiti akakaa. Alionekana kushangaa zaidi kuliko kukasirika. "Jina langu kwa kosa gani? Mimi nilisimama. Mtu aliyesimama anamkosea nani?"

"Mimi nauza madaftari," alisema Hardik. "Waamuzi hawaangalii picha mpaka mtu aandike, lakini wewe, mashine iko nyuma pale, na umeme upo. Itazame."

Hilari aliingia stoo, akawasha kompyuta, akafungua marudio ya mbio. Aliitazama ajali kwanza kutoka kwenye kiti chake mwenyewe, na aliyoyaona yalimridhisha: gari limepoteza mwelekeo, dereva amelidhibiti, amesimama, ametulia. Angeweza kuondoka hapo. Lakini Dhara alikuwa amemfundisha kitufe cha kuhamia katika kiti cha dereva mwingine, naye akakibonyeza.

Sasa aliiona kona ya saba kama Dhara alivyoiona. Kushoto palikuwa na ukuta wa mawe unaoificha njia. Barabara ilikuwa tupu, ikaendelea kuwa tupu, kisha gari jekundu likawa limelala nusu ya lami, na baada ya hapo ni kishindo. Aliirudisha picha nyuma, akahesabu. Kati ya gari kuonekana na kugongwa haikufika sekunde moja. Aliitazama mara sita, si kwa sababu alikuwa na shaka, bali kwa sababu hakuelewa ni wapi jambo jema lilipogeuka kuwa baya.

Jibu lilikuja kwa sura ya mtu. Kwa miaka mingi gadi wa treni yake alikuwa Mabruki, mwenyeji wa Tabora, mtu mwembamba asiyependa maneno. Treni ilipokwama porini, Hilari alizima mtambo, akafungua chupa ya chai. Mabruki alishuka kutoka behewa la nyuma na bendera yake nyekundu, akatembea kurudi walikotoka, kwenye kokoto, juani au kwenye mvua, hata akapotea machoni. Huko mbali alizifunga fataki juu ya reli, ili treni yoyote itakayokuja izikanyage, zilipuke, na dereva wake afunge breki mapema. Kisha akasubiri hukohuko mpaka aitwe kwa honi.

Hilari alikuwa ameamini, bila kuwahi kulisema, kwamba treni iliyosimama ni salama kwa sababu imesimama. Haikuwa hivyo. Ilikuwa salama kwa sababu ya miguu ya Mabruki. Jana alikuwa amesimama baada ya kona kipofu, akangoja kama mwenye haki ya kungoja, na hapakuwa na mtu aliyetembea kurudi nyuma kumwonya Dhara.

Ilikuwa saa nane kasoro. Alivuta kibodi akaanza kuandika kwa waamuzi, kwa vidole viwili, akifuta na kurudia. Aliandika kwamba gari la Dhara halikuwa na kosa. Kwamba yeye, Hilari Maganga, alirudi kwenye lami akasimama mahali ambapo mtu anayekuja hawezi kumwona. Na kwamba picha ya kutazamwa ni ile ya kutoka kwenye kiti cha Dhara, si kiti chake. Mwishoni aliandika kuwa alisimama kwa nia njema, akaisoma sentensi hiyo, akaifuta. Kisha akatuma.

Baada ya nusu saa simu ililia. Alikuwa Sylvester, mkuu wa waamuzi, akipiga kutoka Mwanza.

"Shikamoo, mzee. Nimepata ujumbe wako. Hujashitakiwa na mtu, unajua?"

"Marahaba. Najua."

"Nikiupokea, alama ya binti inafutwa. Yako inaandikwa, tena si moja. Kusimama kwenye njia ni alama mbili. Na tuzo ya udereva safi ya msimu huu, uliyokuwa umeishika mkononi, inakwenda kwa mwingine."

"Kwa nani?"

"Awadhi."

"Basi imepata mtu mwenye adabu," alisema Hilari. "Ingawa anapanda treni bila tiketi."

"Nikupe muda ufikirie?"

"Muda unaisha saa kumi. Andika."

Jumatatu asubuhi Hilari alipofika dukani, Dhara alikuwa amesimama mlangoni akiwa na simu mkononi. Alimwamkia, Hilari akaitikia.

"Ungeniuliza kwanza," alisema binti.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Misimu miwili bila alama hata moja, mzee. Hakuna mwingine aliyefikisha."

"Na Dodoma?"

Dhara alitazama chini. "Nakwenda Dodoma."

"Sasa tunabishana nini?"

"Sibishani. Nina hasira kidogo." Alisogea ampishe. "Nina hasira na wewe, nina hasira na mimi pia, maana nilikufundisha kila kitu isipokuwa namna ya kurudi barabarani. Niliona unaendesha vizuri mno, nikadhani hutatoka kamwe. Ingia."

Wakaingia stoo. Dhara hakuketi kwenye kiti chake. Alisimama nyuma ya kile cha Hilari, akaweka gari jekundu peke yake katika uwanja ule ule, na kumtaka aingie kona ya saba vibaya kwa makusudi.

"Ukishatoka usisimame kwenye lami. Kaa kwenye majani, tembea polepole kandokando, sema kwenye redio uko wapi na upande gani. Sisi tupite wote. Ndipo urudi."

"Mpaka wote wapite."

"Wote. Hata yule wa mwisho."

Hilari aliingia kona, gari likazunguka kwenye mchanga, likarudi na pua juu ya lami. Mguu wake wa kushoto ukashuka wenyewe hadi mwisho wa breki, gari likasimama kimya katikati ya njia, naye akautazama mguu huo kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Tena, mzee," alisema Dhara.

Akarudi nyuma, akaanza tena.