Mshenga Asiyekiri Kosa

Ukoo wa Leonia ulikosea tangu siku ya kwanza, na ulikosea kwa ubahili. "Tuna mwanasheria mzima ndani ya nyumba," walisema ndugu kule Ujiji, "tukahangaike na mshenga wa nini?" Basi Profesa Volkmar Hesselroth, Mjerumani wa miaka sabini na minne, mstaafu, mkazi wa Katubuka na mume wa Leonia, akapewa kazi ya kwenda Kidahwe kumposea kijana wao Castory. Hakuna aliyemuuliza kama anaijua kazi yenyewe. Naye hakuuliza, maana Profesa hakuwa mtu wa kujitilia shaka.

Na kwa nini ajitilie shaka? Kwao alifundisha sheria miaka thelathini na kitu, akaandika kitabu kinene kama tofali kuhusu jambo moja tu: mtu kukiri kosa. Majaji walikitumia, wanafunzi walikiogopa. Hoja yake ilikuwa fupi kuliko kitabu: kukiri bila ushahidi si kitu, na mtu asilazimishwe kusema "nimekosa" ilhali hajakosa. Alikuja Dar es Salaam kufundisha mwaka mmoja, akamwona Leonia, Mha wa Ujiji aliyekuwa karani wa mahakama, na mambo ya mwaka mmoja yakaishia kwenye ndoa. Walipostaafu walirudi ziwani, wakamchukua Castory, mtoto wa marehemu kaka yake Leonia, wakamlea. Castory alimwita Baba. Profesa, ambaye hakujaliwa mtoto, hakuwahi kulizoea neno hilo. Kila akiitwa, moyo ulimruka.

Hoja ile haikutoka vitabuni. Baba yake mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa reli katika mji mdogo wa mashariki ya Ujerumani. Makaa ya mawe yalipoibwa stesheni walimkamata, wakamhoji mchana kutwa, na mwisho mzee wa watu akasema, "Nimekosa," ili tu aachiwe akale na wanawe. Hakuachiwa. Alipotoka jela mwizi wa kweli alikuwa ameshajulikana, lakini kazi haikurudi, na majirani hawakumtazama tena usoni. Volkmar mdogo aliapa kwamba neno lile halitatoka kinywani mwake bure.

Sasa mtume mtu wa namna hiyo akakuposee mke!

Walifika Kidahwe asubuhi: Profesa ndani ya suti, Leonia, na binamu yake Meshack aliyebeba kapu la migebuka, samaki wa ziwani. Castory alibaki barabarani kwenye gari, maana muoaji haingii. Profesa alipiga hodi mara tatu kwa sauti ya darasani, akaamkia kwa Kiha, "Mwakeye!", akakaribishwa, akakalishwa. Mpaka hapo mambo yalikuwa safi.

Mbele yao alikaa Mzee Gasper, baba mkubwa wa Diana, binti aliyeposwa, na msemaji wa ukoo wao. Alikohoa, akakunja uso.

"Kabla ya yote," alisema, "mna kosa. Mmeingia kwa watu bila hodi. Mnakiri?"

Kila mtu mle ndani alijua kinachotakiwa. Wanaoposa huinamisha kichwa, husema tumekosa, hutozwa mbuzi, hubembeleza kidogo, watu wakacheka, kazi ikaendelea. Leonia alikuwa amemweleza mumewe njiani kwamba kutakuwa na faini. Hakumweleza kwamba faini huja na kosa la kubuni, maana nani anaelezwa jambo kama hilo?

"Hapana," alisema Profesa.

"Hapana nini?"

"Hatukiri. Nilipiga hodi mara tatu. Na wewe mwenyewe, Mzee wangu, uliitikia karibu. Uliitikia hodi ya nani?"

Meshack aliangua kicheko kabla hajajizuia. Profesa aliketi vizuri, akaona kesi imekwisha. Ilikuwa imekwisha kweli. Mzee Gasper alisimama taratibu.

"Basi mmeshinda," alisema. "Washindi hawana shida na binti yetu. Kwaherini."

Leonia alipiga goti upesi, akaomba ruhusa watoke nje wakanong'one. Huko nje, penye mihogo iliyoanikwa, hakunong'ona.

"Baba Castory, umefanya nini? Wale hawakushtaki! Wanataka ushuke kidogo tu, wasionekane wanamtupa mtoto wao!"

"Ningeshuka. Ningepiga hata magoti. Lakini siwezi kusema nimekosa na sijakosa. Unajua kwa nini."

Alijua. Hasira ikampungua, ikabaki hofu. "Sikuambii useme uongo," alisema. "Lakini Castory yuko kule anasubiri. Tutamwambia nini?"

Profesa aligeuza shingo. Kule barabarani Castory alikuwa amevua koti, anafuta boneti ya gari ambayo tayari ilikuwa inang'aa. Akimkosa Diana kwa sababu ya mdomo wa mshenga wake, je, ataendelea kumwita Baba? Ataendelea, kwa kuwa ni mtoto mwema. Hilo ndilo lililomuuma Profesa zaidi.

Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Ndani, Mama Diana alikuwa akimenya ndizi huku machozi yanamtiririka, wala hayafuti.

"Analia kwa ajili yangu?" Profesa aliuliza.

"Wewe tena?" alijibu shangazi mmoja aliyekuwa akichochea moto. "Analia tangu alfajiri. Hata mngekubaliwa angelia. Diana ndiye mwenzake humu ndani."

Profesa alinyoosha tai, akarudi sebuleni kwa hatua ndefu, Leonia akimkimbilia nyuma. Wazee walikuwa bado wamekaa. Nao hawakupenda mambo yaishe vile.

"Nimekuja kukiri," alisema.

Mzee Gasper alimtazama kwa mashaka. "Kwamba hukupiga hodi?"

"Nilipiga. Hilo sitalikiri hata mwakani." Leonia alifumba macho. "Kosa letu ni jingine, nanyi kwa upole wenu hamkulitaja. Kuna mama jikoni analia tangu alfajiri, na sisi ndio tuliomliza. Mmelea binti, amekuwa mwenzake mama yake, halafu sisi tumekuja na suti na samaki, tunacheka, tunataka kuondoka naye. Ushahidi nimeuona kwa macho yangu." Neno lililofuata hata Leonia hakuwahi kulisikia kwake. Profesa alimkumbuka baba yake, aliyelisema bure, na hakuona aibu. "Tumekosa," alisema. "Tumekosa sana."

Jikoni kisu kilisimama. Mzee Gasper alivua kofia, akaivaa tena. Alijiandaa kwa mbuzi mmoja wa hodi. Kosa la ukubwa huu hakuwa amelifikiria.

"Mbuzi watatu," alisema hatimaye, "na kitenge cha mama. Kizuri."

Meshack alimkanyaga Profesa mguu. Mzee Gasper alisubiri, akasubiri, kisha akasogeza kiti na kumnong'oneza kwa huruma: "Profesa, hapa sasa ndipo unapobisha. Sema ni wengi."

Profesa alimtazama Mama Diana, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndizi mkononi.

"Hapana, Mzee," alisema. "Hukumu ni ya haki. Hatukati rufaa."