Nifundishe Kujinyanyua

Chrispin alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mama mkwe wake, mgongo ndani na uso nje, kama askari aliyekatazwa kukiona anachokilinda. Miwani ya kuchomelea ilikuwa bado juu ya paji la uso. Alipomwona Hyasinta akikata kona kwa haraka, ncha ya kanga mkononi, aliachia pumzi ndefu.

"Afadhali umefika, mwalimu. Mama yuko chini. Ameanguka, hawezi kuinuka."

"Tangu saa ngapi?"

"Sijui. Nilikuwa nachomelea geti. Nilipozima mashine ndipo nikasikia ananiita, na yeye haniitagi kamwe." Alionyesha kwa kidevu upande wa ziwani. "Mke wangu Esther yuko mwaloni kwenye samaki, simu hapokei. Nikampigia shemeji Revocatus kule Bunda, naye hakupokea. Ndipo mama akasema nikuite wewe, na jirani asijue hata mmoja."

"Na wewe hatua mbili tu zimekushinda?"

Swali lilimtoka Hyasinta kabla hajalipima. Chrispin aliinamisha kichwa. Hata Hyasinta mwenyewe alilijua jibu, maana ameolewa Musoma na mvi zimemwotea Musoma. Kwa Wakurya, watu wa mama huyo, Boke, mkwe hamtazami mama wa mkewe akiwa amelala, seuze kumtia mikono. Moyoni Hyasinta aliiita haya hiyo ujinga, na leo aliiita hivyo kwa hasira zaidi.

Aliingia. Chumba kilikuwa kidogo, na kitanda cha kamba zilizolegea kilijaza nusu yake. Boke alikuwa amelala chali kati ya kitanda na ukuta, macho makavu, midomo imebanwa. Hyasinta alipiga magoti. Miaka yake ya uuguzi ilimrudia vidoleni: akapapasa nyonga, akalinganisha urefu wa miguu, akaangalia kama unyayo mmoja umepinduka nje. Nyayo zote mbili zilisimama sawasawa.

"Nikibonyeza hapa?"

"Hapaumi."

"Na hapa?"

"Hapaumi, mwanangu. Hakuna kilichovunjika."

Ndipo Hyasinta alipoona mkeka. Ulikuwa umetandikwa vizuri, pembe zimenyooshwa. Kanga ilikuwa imefunika miguu mpaka vifundoni, na chini ya kichwa palikuwa na shuka lililokunjwa. Mtu aliyeanguka hapati nafasi ya kutandika.

"Mama, wewe hukuanguka," alisema kwa sauti ya chini.

"Sikuanguka. Nililala mwenyewe."

Hyasinta aliutazama tena mkeka. Darasa lake la mazoezi kwa kina mama wazee, pale kwenye uwanja wa kanisa mtaani Kigera, lilianza kwa kuchekwa na watu. Sasa wanawake waliokuwa wakishikilia kuta walibeba vidumu vya mchanga kila mkono, wakachuchumaa na kusimama, wakataniana kuhusu magoti yanayolia. Wengine alikwisha kuwafundisha kulala kwenye mkeka na kuinuka bila kushikwa. Lakini Boke, Hyasinta alimketisha kwenye kiti. Alimpa vidumu vilivyojaa nusu, na kila Jumanne bibi huyo alipoomba zamu ya mkeka alimjibu kwa upole, "Bado, mama."

Jumanne iliyopita Boke alikuwa amekitua kidumu chini kwa kishindo. "Mwalimu, kidumu mimi nimenyanyuaga tangu utoto. Nifundishe kujinyanyua."

"Bado," Hyasinta alisema. Ukweli ni kwamba aliogopa. Bibi mmoja akivunjika nyonga, nani angeleta mama yake tena?

Boke naye alikuwa na hofu yake, na wote darasani waliijua. Revocatus, mwanawe wa kwanza, alikuwa ametoa neno: mama asiyeweza kuinuka peke yake hakai kwa mkwe, ni aibu kwa pande zote mbili. Jumamosi angekuja kumchukua. Kule Bunda Boke alishaishi mwaka mzima, akiletewa chakula kitandani na maji ya kunawa kitini, akitunzwa kwa mapenzi mpaka miguu ikasahau kazi yake.

Huko nje simu ikaita. Chrispin aliitoa mfukoni. "Ni shemeji Revocatus," alisema. "Nimwambieje?"

"Iache iite," Boke alisema.

Simu iliita mpaka ikachoka. Hyasinta alipitisha mikono chini ya makwapa ya Boke. "Haya, twende. Atapiga tena."

"Toa mikono."

"Mama, huu si wakati wa..."

"Toa mikono, nimesema! Ukininyanyua leo, kesho ataninyanyua nani? Huyu hapo mlangoni?"

Hyasinta aliitoa. Boke alijigeuza ubavu, akasukuma sakafu kwa kiganja. Bega lilipanda, kiwiko kikatetemeka, kisha kikakunjika, naye akarudi chini kwa mguno. Mikono ya Hyasinta ilikwisha kumfikia tena bila kuagizwa.

"Mnyanyue basi, mwalimu!" Chrispin alilia kutoka nje. Kisigino chake kimoja kilirudi nyuma, kikavuka kizingiti.

"Usigeuke!" Boke alifoka.

Kisigino kiliganda pale pale. Hyasinta alikitazama. Kilikuwa cha mtu anayeteseka kweli, mtu ambaye angetoa chochote ageuke na asingegeuka. Kwa mara ya kwanza alimwonea huruma kuliko alivyomkasirikia. Yule alikuwa na mikono yenye nguvu aliyoizuia kwa heshima. Yeye, mwalimu, alikuwa na mikono ya upendo ambayo hakuwahi kuizuia hata mara moja, na ndiyo iliyomfikisha bibi huyu chini, peke yake, bila mwalimu.

"Chrispin, unakaliaga nini ukichomelea?"

"Kigoda cha chuma."

"Kilete."

Alikileta kinyumenyume, amekibeba nyuma ya mgongo, akakitua ndani ya kizingiti na kukisukuma kwa kisigino. Hyasinta alikivuta karibu na mkeka. Kisha akafanya jambo ambalo hata darasani hulifanya kwa maneno tu: akajilaza sakafuni kando ya Boke, bega kwa bega. Saruji ilikuwa ya baridi. Kutoka pale chini dari lilikuwa mbali sana.

"Nitazame. Ubavu kwanza. Sasa kiwiko, halafu kiganja. Usiharakishe, hakuna anayekufukuza. Magoti yote mawili chini, kama unapalilia."

Goti lake mwenyewe lilikwama njiani, akauma meno. Alikishika kigoda kwa nguvu zaidi ya alivyotarajia.

"Kumbe na wewe," Boke alisema.

"Na mimi, mama. Mguu mmoja mbele. Sukuma kigoda, ukisukume kwenda ardhini."

Boke alijigeuza ubavu. Kiwiko kikatetemeka, safari hii kikasimama. Alitambaa kidogo, akakipata kigoda, akatulia akihema, jasho likimdondoka puani. Mguu ulikataa kuja mbele. Alisema nao kwa Kikurya, maneno ambayo Hyasinta hakuyaelewa lakini hakika hayakuwa ya kubembeleza. Mguu ukaja. Akasukuma, akapanda nusu, akayumba. Hyasinta alishika kanga yake mwenyewe kwa ngumi zote mbili.

Boke alisimama. Aliegemea ukuta, akajifunga kanga upya, akajipangusa kifua. Aliyetokwa machozi ni Hyasinta.

Simu ikaita tena. Chrispin alisubiri kidogo, akisikiliza chumba kwa mgongo wake, kisha akapokea.

"Ndiyo, shemeji. Ndiyo, nilikupigia... Mama hajambo." Aliivua miwani pajini. "Hapana, saa hizi siwezi kumpa simu. Yuko na mwalimu wake, wana kazi."

Boke alikuwa akiutazama mkeka.

"Mwalimu, kisogeze hicho kigoda."

"Nikisogeze wapi?"

"Mbali. Nataka kulala tena."

Hyasinta alikisogeza mpaka ukutani. Akaketi kitandani, akaikalia mikono yake, na Boke akaanza kushuka.