Mapipa Yaliyojaa Buluu

Mgeni aliingia uani bila hodi, glavu mikononi, akaenda moja kwa moja kwenye chujio. Mama Nili alikuwa amezamisha mikono katika beseni la rangi hadi viwikoni.

"We kaka, unashika nini hapo?"

"Shikamoo, mama. Nimetumwa na chuo. Vifaa vinarudi."

"Marahaba. Vinarudi wapi na mimi navitumia?"

"Mradi umekwisha, mama."

"Na maji machafu je, nayo yamekwisha?"

Mgeni alicheka, kisha akaona haya. "Mimi dereva tu."

Chujio lilikuwa ndoo mbili zilizopandana, katikati unga mweusi. Lililetwa na binti mmoja mwanafunzi. Aliokota maganda ya ndizi sokoni, watu wakamcheka, akayachoma na kuyasaga hadi chembe zake zikawa hazionekani kwa macho. Maji yaliingia juu yakiwa buluu, yakatoka chini meupe. Siku ile Mama Nili alimwita wifi yake, anayelima mboga bondeni kwa maji ya mtaro ambamo yeye alikuwa akimwaga rangi, na ambaye mwanawe alibabuka miguu.

"Wifi, kuanzia leo, kwangu halishuki hata tone."

Sasa ndoo zilipakiwa garini.

"Binti mwenyewe yuko wapi?"

"Anatafuta kazi, mama. Kama sisi wengine."

Gari likaondoka. Mapipa yote uani yalijaa maji yaliyongoja kuchujwa. Sare za kwaya zilitakiwa kesho, na bila pipa tupu hapakuwa na pa kusuuzia.

"Mwaga moja tu," mumewe alisema. "Kiwanda kule juu kinamwaga mchana kweupe, na bwana afya anapita anakisalimia."

Hakusema uongo. Mama Nili alisogea ukingoni. Mtaro ulikuwa ukishuka mwekundu, mzito, una povu. Buluu yake humo nani angeiona?

Kutoka bondeni ikapanda sauti ya wifi yake: "Toka huko majini, we mtoto! Nimesema toka!"

Mama Nili alirudi, akafunika pipa, akaweka jiwe juu. Akampigia simu kiongozi wa kwaya.

"Dada, nisamehe. Tafuta mtu mwingine."

Mumewe akaenda kutafuta jiwe la pipa la pili.

Mama Nili aliketi, akaanza kukunja vitambaa vya watu, vyeupe bado, kimoja kimoja, akivishika kwa kipande cha gazeti visije vikaguswa na buluu ya vidole vyake.